Mzabibu wa Unguja Hukatwa Juni

Hapa mjini ukitaja zabibu, mawazo ya watu huenda kwenye biriani. Zabibu kwetu ni zile kavu, zilizojikunja, zinazopimwa kwa mizani Darajani na kumwagwa juu ya wali siku ya harusi. Zile mbichi huja na boti kutoka Bara, na mpaka zikufikie mkononi zimeshachoka safari. Ndiyo maana miaka minane iliyopita niliamua kupanda zangu. Miaka minne ya mwanzo sikula hata punje moja.

Kosa la kwanza lilikuwa ua. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ina ua katikati, na mimi nilishajichorea picha kichwani: kivuli cha mzabibu, buli la kahawa, vishada vinaning'inia. Lakini kuta ni za ghorofa tatu. Jua huingia adhuhuri, na kabla ya alasiri limeshaondoka. Mzabibu hautosheki na jua la saa mbili; unataka la siku nzima, au karibu yake. Wangu ulirefuka kama mtu anayechungulia dirishani, ukatoa majani mapana malaini, ua hata moja hamna.

Nikahamia juu ya dari, na pipa la lita 200. Hapo ninawaomba wenye nyumba za zamani mnisikilize. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu dari zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti hazivuki zaidi ya mita tatu hivi. Pipa likijaa udongo uliolowa linapita kilo 300. Usiliweke katikati ya chumba. Liweke pembeni, pale boriti zinapoingia ukutani, na usiuache mzabibu utambae kwenye kuta za chokaa, maana unyevu utazila. Mimi nililiweka katikati, na fundi aliyeitwa kuangalia ufa wa dari ya chini alinitazama kwa huruma tu, hakusema kitu.

Mzabibu wa tatu, huu unaozaa, niliupanda shamba kwetu Dole, kwenye kinongo. Udongo mwekundu ule unashika maji kiasi na kuyaachia kiasi. Kwenye kichanga pia utaota, ila utamwagilia na kutia samadi mpaka uchoke. Huko uwandani, kwenye mawe, bora uvunje shimo la sentimita 60 kila upande ulijaze udongo wa kuletwa, au uachane nalo. Na ukiwa karibu na pwani, onja maji ya kisima kabla ya kumwagilia. Kingo za majani zikianza kuungua kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa, hiyo ni chumvi.

Sasa tuje kwenye mkasi, maana hapa ndipo nilipopoteza miaka. Dada yangu ameolewa Dodoma, na shemeji yangu analima zabibu Hombolo. Kule huvuna mara mbili kwa mwaka, nami nikafuata kalenda yake neno kwa neno. Sikufikiria kwamba Dodoma hupata kama milimita 570 za mvua kwa mwaka, zote katika msimu mmoja, wakati Unguja tunapata kama 1,600, masika na vuli. Nilipomlalamikia kwenye simu, alicheka. "Shemeji, wewe umechukua kalenda yangu, mvua yangu hukuichukua."

Jambo lenyewe ni hili. Ulaya baridi ndiyo inayoulaza mzabibu, na joto likirudi unaamka na maua. Huku kwetu haulali. Ukiuacha utatoa majani mwaka mzima, na kishada kimoja kimoja kisicho na maana. Unapoukata ndipo unauambia uanze upya. Kuanzia siku ya kukata mpaka kuvuna, hesabu siku 110 hadi 120. Kwa hiyo usijiulize lini una nafasi ya kukata. Jiulize vishada vitaiva katika hali gani ya hewa, halafu uhesabu kurudi nyuma.

Ukikata Oktoba ili uvune Februari, maua yanafunguka katikati ya vuli, yote yanaoza. Ukikata Februari unaivisha ndani ya masika, na hilo hata sielezi. Mimi nakata wiki ya kwanza ya Juni, masika yakishaondoka. Maua yanatoka Julai katika kipupwe kikavu, na kufikia mwisho wa Septemba navuna, kabla vuli haijapiga hodi. Mavuno ni mara moja kwa mwaka. Ya pili niliyaacha, sina ugomvi nayo.

Kukata kwenyewe kunatisha mara ya kwanza. Chagua matawi yaliyokomaa, ya rangi ya kahawia, unene wa penseli. Bakisha macho mawili au matatu kwa kila tawi, mengine yote chini, pamoja na kila jani lililobaki. Utabaki na gogo na vidole vyake. Kesho yake litatoa machozi kwenye kila jeraha, matone safi kama maji ya mvua. Usipake kitu, yataacha yenyewe. Wiki mbili hivi macho yatavimba.

Upande wa aina, nimejaribu tatu. Nilianza na Thompson Seedless, ile ya kijani isiyo na mbegu. Hiyo ndiyo inayokaushwa sana duniani, kwa hiyo huenda umeshaila kwenye biriani bila kujuana nayo. Jina lake jingine ni Sultana, nikadhani Unguja itaipenda. Haikupenda. Kwanza haizai kwenye macho ya chini, inataka tawi refu la macho 8 hadi 12, na mimi nilikuwa naikata fupi. Nilipoelewa ikanipa vishada viwili, ngozi nyembamba, mvua moja ya nje ya msimu ikavipasua. Chenin Blanc ikafuata. Inazaa vizuri, lakini punje zimebanana kama abiria wa daladala, hewa haipiti, na punje moja ikioza inaambukiza kishada kizima.

Iliyonifaa ni Makutupora Red, nyeusi ya Dodoma. Ni zabibu ya mvinyo, ina mbegu, punje ndogo, na ukali kidogo kwenye ngozi. Wageni huikunjia uso. Lakini inavumilia. Ukitaka kupanda leo, anza nayo. Kituo cha TARI Makutupora ndicho kinachotafiti zabibu nchini, na mche wenye jina linaloeleweka ni bora kuliko "zabibu tamu" ya njiani. Kabla ya kuupakia botini, waulize watu wa karantini ya mimea wanataka karatasi gani.

Ugonjwa mkubwa wa huku ni ubwiri vinyoya. Juu ya jani unaona doa la manjano kama tone la samli, ukiligeuza unakuta vinyoya vyeupe. Nilitumia msimu mzima kupuliza salfa, kwa kuwa nilisikia wakulima wa korosho wa Mtwara wanaitumia. Salfa ni ya ubwiri unga, ule unaopaka jani vumbi jeupe juu. Vinyoya vinataka dawa ya shaba, kabla ya mvua, si baada yake. Na punguza majani karibu na vishada upepo upite. Hiyo hainunuliwi dukani.

Kunguru hawana dawa. Popo nao huja usiku. Funika kila kishada kwa mfuko wa khaki punje zinapoanza kubadilika rangi, ufunge juu kwa uzi, na wiki mbili za mwisho acha kumwagilia.

Mwaka jana mzabibu wa Dole ulitoa vishada 17. Vinne vilikwenda kwa kunguru, kwa sababu mifuko iliniishia na nikaona uvivu kurudi mjini. Kumi na moja tulikula nyumbani. Viwili nilimpelekea shemeji Hombolo. Alitafuna polepole, akatema mbegu, akasema tamu ipo ila maji mengi.