Kabla Hujanyoosha Mkono: Kumchagua Mjumbe wa Kamati ya Shule

Kwenye mkutano wa wazazi, mwalimu mkuu akishasema "tupendekeze majina," mara nyingi jina la kwanza kutajwa ndilo linalopita. Ni mtu mwenye sauti, au mwenye duka. Mikono inanyooshwa, watu wanarudi kwenye shughuli zao. Tunamwomba mzazi wa Mkinga, Muheza, Pangani na Jiji la Tanga amsikilize mgombea kwanza, kisha amuulize.

Kamati ya shule ya msingi si ya kukusanya michango tu. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002, kamati hushiriki kupanga na kusimamia fedha za shule. Mwalimu mkuu ni katibu wake, na wazazi wamo kama wajumbe wenye kauli. (Sekondari zina bodi zake.)

Muulize mgombea kuhusu ruzuku ya serikali. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kiwango cha shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 ziingie akaunti ya shule, 4,000 zinunue vitabu. Kwa kiwango hicho, shule yenye watoto 400 ilipata shilingi 2,400,000 kwa mwaka, sawa na 200,000 kwa mwezi. Hizo ni za chaki, karatasi za mitihani, bawaba za milango, mipira. Mgombea anayeahidi madarasa mapya kwa fedha hizo hajapiga hesabu. Anayesema atahakikisha mapato na matumizi yanabandikwa ubaoni, kwa maandishi anayoweza kuyasoma hata bibi aliyekuja kumchukua mjukuu, huyo mpe sikio.

Muulize pia kuhusu bahari, maana hapa kwetu bahari ina ratiba yake na shule ina yake. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukauka kuelekea saa nne au saa tano asubuhi. Saa hizo akina mama wako kwenye mwani, wameinama kwenye kamba, maji magotini, na baadhi ya watoto wako pamoja nao. Siku za giza wavuvi wa dagaa wako kazini usiku kucha, na kunapokucha dagaa wanataka mikono ya kuwaanika. Mjumbe mzuri ataomba daftari la mahudhurio, aweke kidole kwenye siku za utoro, kisha azilinganishe na siku za mwezi. Akishajua ni watoto wa nyumba zipi, aende akazungumze na wazazi wao nyumbani, taratibu, bila kumtisha mtu. Mama aliye kwenye mwani anatafuta pesa ya sare na daftari za mtoto yuleyule.

Halafu uji. Wazazi wakikubaliana kuchangia mahindi na kuni, watoto hukaa darasani mpaka mchana wakiwa na nguvu, na sisi tunaunga mkono makubaliano hayo kwa moyo wote. Lakini muulize mgombea: mtoto ambaye kwao hawakuleta kitu, siku hiyo atakaa wapi? Jibu tunalotaka kusikia ni kwamba atakaa kwenye foleni na wenzake, kikombe mkononi, na suala la mchango litamalizwa na watu wazima. Kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango hakuruhusiwi.

Umri wa mgombea, chama chake au ukoo wake visikushughulishe sana. Muulize mara ya mwisho aliingia lini darasani, akaona watoto wangapi wamekaa dawati moja, na choo cha wasichana kina mlango na maji au hakina.

Mwisho, tazama tarehe na saa ya mkutano wenyewe. Ukiitwa saa nne asubuhi siku ya bamvua, nusu ya wapiga kura wako baharini. Nenda mapema kwa mwalimu mkuu, wewe na jirani zako wawili watatu, mkamwombe mkutano usogezwe hadi alasiri, maji yakishajaa na akina mama wamerudi.