Maneno ya Kiingereza ya Harufu Mbaya

Twapenda leo kueleza jambo liwatatizalo watu wengi waandikao barua za Kiingereza. Mswahili akisema ua lanukia, twajua lapendeza; akisema nyama yanuka, twajua haifai kuliwa. Mwingereza naye hutofautisha harufu kwa njia yake, na maneno yake hayalingani na yetu moja kwa moja.

La kwanza ni “smell”. Hili ni neno la kati, lafaa kwa harufu nzuri na mbaya. Lakini mtu akisema “the meat smells” bila kuongeza sifa yo yote, maana yake nyama yanuka.

La pili ni “odour”. Asili yake ni Kilatini, nalo ni neno la adabu, hutumika katika barua za kazi na vitabu vya elimu.

La tatu ni “stink”, neno kali. Zamani sana liliweza kutaja hata harufu nzuri, lakini maana hiyo imekwisha potea. Kiangazi cha mwaka 1858 mto Thames, mjini London, ulijaa uchafu wa vyoo, hata mapazia ya nyumba ya Bunge yakaloweshwa dawa ya chokaa ili kuzuia uvundo. Waingereza waliliita jambo lile “the Great Stink”. Mwaka huo huo Bunge lilitoa amri mji usafishwe, na fundi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa chini ya ardhi.

La nne ni “stench”. Hili ni jina tu, wala si kitendo. Ni uvundo mzito, hasa wa mzoga au kitu kilichooza.

La tano ni “reek”. Hapo kale maana yake ilikuwa moshi. Siku hizi hutaja harufu kali iliyoshika kitu: “his clothes reek of tobacco”, yaani nguo zake zanuka tumbaku.

Basi faida ya kuchagua ni nini? Mwalimu akimwandikia Bwana Afya kwamba maji ya kisima yana “odour”, huenda ikadhaniwa ni jambo dogo. Akiandika kwamba kisimani mwatoka “stench”, itafahamika mara moja kuwa mna kitu kilichooza, na msaada utafanyiwa haraka. Kadhalika akiandika juu ya mtoto mgonjwa, “the boy stinks”, amemtukana mtoto na wazazi wake. Lakini akiandika, “his wound has a bad smell”, ameeleza ugonjwa na kumhifadhia mgonjwa heshima yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika, na tujiulize maswali mawili: harufu hii ni kali kiasi gani, na je, neno letu lataja kitu au lamtweza mtu? Ajibuye hayo kwanza hatakosa neno lifaalo.