Je, shida zangu ni adhabu?

Swali: Mchungaji, mume wangu ameachishwa kazi, mahindi nayo yamekauka shambani. Wenzangu wa jumuiya wanasema nimeficha dhambi. Nimetubu hadi nimechoka. Nitubu nini tena?

Jibu: Pole sana, mama. Soma Luka 13. Mnara wa Siloamu ulipoua watu 18, Yesu alikataa katakata kwamba hao walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Papo hapo akawaita wote waliomsikiliza watubu. Toba, basi, ni ya kila mtu, wala haipimwi kwa ukubwa wa msiba. Marafiki wa Ayubu walisema kama wenzako, na Mungu akawakemea wao.

Ungama unalolijua: hasira, wivu, ulivyomkosea jirani. Usibuni dhambi ili tu shida ipate maelezo. Huko ni kujitesa. Kisha lia mbele za Mungu bila woga. Maombolezo, kitabu cha anguko la Yerusalemu, kinalitaja tumaini katikati, sura ya 3, halafu kinarudi kwenye njaa na yatima, na sura ya 5 inaisha bila jibu. Hiyo nayo ni sala.

Na mwambie mzee wa kanisa hali ya chakula nyumbani. Hilo pia ni jukumu letu.