Anza na Kuanguka: Mbinu za Kuendesha Shule ya Mazoezi ya Viungo Konza

Anayetaka kufungua shule ya jimnastiki Konza huanza kwa kuuliza bei ya vyombo: vyuma vya kuning'inia, boriti ya kutembelea, trampolini, na kama ni afadhali kuagiza China au kutafuta vilivyotumika Nairobi. Hayo ni maswali ya mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza unahitaji sakafu nzuri, kocha mwenye subira, na somo moja ambalo mtoto wa chekechea na nyanya yake wanaweza kulianza wiki ileile: namna ya kuanguka bila kuumia na kuinuka bila kushikwa mkono.

Tutalifikia somo hilo. Kwanza mahali penyewe.

Konza ni mji mdogo wa reli. Hapo ndipo njia ya Magadi inapochepuka kutoka reli kuu ya Mombasa, na kwa miaka mingi maisha yake yalikuwa stesheni, maduka na ranchi za ng'ombe. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akazindua jiji la teknolojia kwenye eka 5,000 upande wa Malili, na wahandisi, vibarua, walinzi na wanafunzi wakaanza kuja. Usiitegemeze shule yako kwa kundi moja kati ya haya. Mhandisi hulipa bila kuvutana, lakini mkataba wake ukiisha anahama na watoto wake. Mwenyeji hulipa kidogo kidogo, ila mwaka ujao atakuwepo, na wajukuu atawaleta yeye mwenyewe.

Udongo wa nyanda hizi ni ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata kama gundi mvua ya Novemba ikinyesha. Banda lililojengwa harakaharaka juu yake hupata nyufa, na ufa wa upana wa kidole unatosha kumtegua mtu kifundo cha mguu. Kwa hiyo usijenge. Kodi jengo ambalo limeshapita misimu kadhaa ya mvua: ghala, ukumbi wa kanisa, bwalo la shule. Kabla ya kutia sahihi, mwaga ndoo ya maji sakafuni utazame. Yakikimbilia kona moja, sakafu imelala upande, na wewe utakuwa unafundisha watu kusimama wima mahali ambapo hata maji hayatulii.

Juu ya saruji tandika mbao zilizopakwa dawa ya mchwa, kisha sponji nzito, kisha turubai lililovutwa likakaza lisiache mkunjo. Fundi wa magodoro wa Machakos atakukatia sponji kwa vipimo vyako. Mwambie unataka ile ngumu, maana ya kulalia hubonyea mara moja ikafika chini. Ipime mwenyewe: piga goti juu yake kwa uzito wako wote. Goti likiisikia mbao, ongeza tabaka. Kwa kujiviringisha, sentimita 5 za sponji ngumu zinatosha, lakini pale watu wanaporuka na kutua weka godoro nene la sentimita 20 hadi 30. Halafu kuna upepo. Konza upepo huleta vumbi hadi ndani ya kabati, na vumbi juu ya turubai huteleza kama sabuni. Turubai lipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kila darasa. Nasema kila darasa, wala si kila siku.

Kocha si vigumu kumpata kama watu wanavyodhani. Ngoma za Wakamba zina miruko na mapindu ambayo wageni wamekuwa wakiyashangaa tangu enzi za ukoloni, na Nairobi shirika la Sarakasi Trust limekuwa likifunza wanasarakasi tangu 2001. Vijana wa Kenya wamezunguka dunia na sarakasi. Tatizo ni kwamba anayejua kupinduka hewani si lazima ajue kumfundisha anayeogopa. Usimwajiri kwa kutazama anachoweza kufanya yeye. Mpe mtoto wa miaka sita mwenye woga na dakika kumi, utazame anasimama wapi. Kocha mzuri hupiga goti ubavuni mwa mtoto, mkono mmoja tayari nyuma ya shingo, na kabla ya kumgusa humwambia atamgusa wapi na kwa nini. Anayesimama mbele na kupiga kelele za kutia moyo mshukuru kwa kuja, umlipe nauli.

Sasa somo lenyewe. Mtu akianguka kinyumenyume, silika humtuma anyooshe mkono nyuma, na hapo ndipo vifundo vya mikono na viwiko huvunjika. Mwanafunzi aanze akiwa amechuchumaa, karibu kabisa na godoro. Kidevu kifuani, mikono imekumbatwa mbele, mgongo umepindwa. Ajiachie nyuma abingirike kuanzia makalio hadi mabegani, kisha arudi. Akizoea, aanze nusu-wima, halafu wima. Kujiviringisha mbele kufuate baada ya hapo, na sharti ni moja: kisogo ndicho kiguse godoro, utosi usiguse. Mtoto mzito au mwenye mikono dhaifu mtengenezee mteremko wa mbao wenye sponji juu. Mteremko utamsaidia kubingirika bila kuielemea shingo.

Vijana wa miaka 13 na kuendelea watafika wameshaona kwenye simu jinsi ya kupinduka kinyumenyume hewani, na watataka hilo siku hiyohiyo. Usibishane nao, wala usiwakubalie. Wape masharti yanayopimika: asimame kwa mikono akiegemea ukuta nusu dakika bila kukunja kiwiko, aruke juu ya sanduku na kutua kimya. Kutua kwa kishindo ni dalili kwamba magoti hayajajua kazi yake. Wengi watatimiza masharti. Wachache wataondoka, na hao wangekuvunjia jina.

Darasa la wazee ndilo watu hulisahau, nami ningelianzisha kabla ya mengine. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya usawa na nguvu angalau siku tatu kwa wiki. Mama aliyebeba mtungi kwa mukwa, ule ukanda wa kichwani, miaka 40 hahitaji kufundishwa ukakamavu. Anachohitaji ni kulegeza mabega, kusimama kwa mguu mmoja, na kujua atafanya nini akijikuta chini akiwa peke yake nyumbani. Huyu hatumwangushi. Anashushwa taratibu kwenye godoro, kisha anafundishwa njia ya kurudi: ageuke ubavu, ajisukume kwa kiwiko na kiganja, apige magoti, atambae hadi kwenye kiti kizito, aweke mikono yote miwili juu ya kiti, atangulize unyayo wa mguu wenye nguvu, asukume, ageuke, akae. Apumue kabla ya kusimama. Hatua hizo zirudiwe kila kipindi mpaka zifuatane bila kufikiriwa.

Kabla ya yote muulize kila mzee kuhusu presha, sukari, kizunguzungu na nyonga, uandike, na mwenye shaka apite zahanati kwanza. Halafu adabu. Kocha wa miaka 22 hamwamrishi susu (nyanya) wa watu alale chini. Humwomba, na hujilaza yeye kwanza. Kina mama wapewe saa yao bila wanaume, waje na leso juu ya suruali wakitaka.

Ratiba hujipanga yenyewe ukiwafahamu watu. Wafanyakazi saa kumi na mbili asubuhi, wazee saa nne baridi ikishapungua, watoto saa kumi jioni wakitoka shule. Mchana jengo likiwa tupu, ongea na shule za jirani: sekondari ya juu ya mtaala mpya ina mkondo mzima wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, na si kila shule ina mwalimu au godoro.

Ada itozwe kwa wiki, ilipwe kwa M-Pesa kwenye namba ya biashara. Muhula ukifunguliwa mfuko wa mzazi huwa mkavu, na anayedaiwa ada ya mwezi mzima humwondoa mtoto kimyakimya kwa aibu. Wa wiki akikosa moja hurudi ifuatayo.

Kuhusu usalama wa watoto sitakuwa mpole. Mwaka 2018 mahakama za Marekani zilimfunga Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki, baada ya wanawake na wasichana zaidi ya 150 kueleza mbele ya jaji jinsi alivyowadhulumu akijifanya anawatibu. Mchezo huu una kushikana kwingi, kwa hiyo kanuni zitangulie. Kila mfanyakazi, hata mfagiaji, alete cheti cha maadili mema kutoka DCI. Mtoto asibaki na mtu mzima mmoja chumba kilichofungwa. Mzazi aruhusiwe kukaa na kutazama wakati wowote. Picha za watoto zisipigwe bila idhini ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu wao pia.

Kibali cha biashara kitafute kaunti, na ukitaka kushindana kama klabu, jiandikishe kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013.

Na pesa ikibaki baada ya sakafu na mshahara wa kocha, ongeza godoro nene la pili, usikimbilie trampolini. Madaktari wa watoto wa Marekani wamekuwa wakionya dhidi ya trampolini za nyumbani kwa miaka mingi. Yako iache dukani mpaka uwe na kocha aliyefunzwa kuisimamia.