Waziri Mkuu na Baraza Lake: Nguvu Zake na Mipaka Yake

Ndugu zetu wa Pwani wanaokaa Thika na Ruiru kwa ajili ya kazi na biashara wametuletea swali ambalo walilijadili katika darsa yao wasiafikiane. Wauliza:

"Katika mapendekezo ya BBI ya 2020, na tena katika ripoti ya kamati ya maridhiano ya 2023, tulisikia kwamba cheo cha Waziri Mkuu kirejeshwe nchini. Wako wasemao kwamba tukipata Waziri Mkuu, mambo ya Pwani yatapata mwenye kuyasikiliza. Wengine wasema hilo ni jina tu. Ukweli ni upi? Na Waziri Mkuu akitoa ahadi, ahadi hiyo humfunga nani?"

Jibu letu ni hili. Jina la cheo peke yake halimwambii mtu neno. Atakaye kujua nguvu za Waziri Mkuu yampasa aulize mambo matatu: Ni nani amwekaye? Ni nani awezaye kumwondoa? Na yeye mwenyewe aweza kumweka na kumwondoa nani? Kenya imepata kuwa na Waziri Mkuu mara mbili, na majibu ya maswali haya hayakuwa sawa mara hizo mbili.

MARA YA KWANZA, 1963 HADI 1964

Mfano huu u karibu na waulizaji wetu. Atokaye Thika akaelekea upande wa magharibi hufika Gatundu, kwao Mzee Jomo Kenyatta. Katika uchaguzi wa Mei 1963 Gatundu ilimpeleka Bungeni, na tarehe 1 Juni 1963 akashika uwaziri mkuu. Yafaa izingatiwe kwamba kura ya Gatundu ilimfanya mbunge tu. Hapana raia aliyepewa karatasi ya kumchagua Waziri Mkuu. Kila mahali watu walichagua wabunge wao, na chama cha KANU kilipopata wabunge wengi, kiongozi wake ndiye aliyeitwa kuunda serikali. Basi Waziri Mkuu wa namna hii huwekwa na wingi wa Bunge, na wingi huo ukimkataa kwa kura ya kutokuwa na imani, hana pa kusimama.

Mipaka yake haikuwa hiyo tu. Mpaka siku ya Uhuru, 12 Desemba 1963, Gavana Malcolm MacDonald alikuwa bado ameshika mikononi mwake ulinzi, mambo ya nchi za nje na usalama wa ndani. Kadhalika katiba ilikuwa imeigawa nchi majimbo saba yenye mabaraza yao, ikaweka na Seneti, na mbele ya serikali alikaa Ronald Ngala, mtu wa Pwani, akiongoza upinzani wa KADU.

Ndani ya Baraza la Mawaziri nako kulikuwa na kanuni yake. Waziri Mkuu huchagua mawaziri, huongoza kikao chao, na aweza kumtoa amtakaye. Lakini shauri ni la wote. Mawaziri hushindana kwa hoja mlango ukiwa umefungwa, na shauri likisha kukatwa huwa ni la kila mmoja wao. Asiyeliridhia hana ila njia mbili: anyamaze au aondoke.

Mfano wa kanuni hii ulitokea Kandara, mwendo mfupi kutoka Thika kwa aelekeaye kaskazini. Mbunge wa Kandara, Bildad Kaggia, alikuwa mmoja wa wale sita waliohukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta, na baada ya uchaguzi alifanywa waziri mdogo katika elimu. Yeye aliona kwamba waliopokonywa ardhi na waliopigania uhuru hawafai kutakiwa wainunue ardhi hiyo tena, naye hakuacha kulisema jambo hilo hadharani. Siasa ya serikali ilikuwa kinyume cha hayo. Mei 1964 Waziri Mkuu alimwandikia kumtaka achague, na mwezi wa Juni Kaggia akatoka serikalini.

Hapa ndipo penye somo. Kisa hiki chaonyesha nguvu ya Waziri Mkuu, lakini chaonyesha na mpaka wake vile vile: aliweza kumnyima Kaggia cheo cha serikali, lakini hakuweza kumnyima kiti cha Bunge, kwani hicho alipewa na watu wa Kandara. Kaggia aliendelea kuwasemea wasio na ardhi akiwa Bungeni. Kiti chake kilimtoka katika uchaguzi mdogo wa 1966, alipokuwa amehamia chama cha KPU.

Uwaziri mkuu wenyewe haukudumu. KADU ilijivunja Novemba 1964, na tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa Jamhuri. Mzee Kenyatta akawa Rais, na cheo cha Waziri Mkuu kikaondoka.

MARA YA PILI, 2008 HADI 2013

Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mapatano tarehe 28 Februari 2008, na mwezi wa Aprili Raila akaapishwa kuwa Waziri Mkuu. Chini yake waliwekwa manaibu wawili, mmoja wao Uhuru Kenyatta, mbunge wa Gatundu Kusini.

Kwa cheo, huyu aliitwa kama alivyoitwa yule wa 1963. Lakini tutie maswali yetu matatu. Aliwekwa kwa mapatano yaliyofanywa sheria, na Bunge peke yake ndilo lililoweza kumwondoa kwa kura. Hilo lilikuwa kinga kubwa kwake. Walakini kazi aliyopewa na sheria ilikuwa kuratibu na kusimamia shughuli za serikali, na mwenye kuliongoza Baraza la Mawaziri alikuwa Rais. Je, aliweza kumwondoa waziri? Jibu lilipatikana tarehe 14 Februari 2010. Siku hiyo Waziri Mkuu alitangaza kwamba mawaziri wawili, wa Kilimo na wa Elimu, wamesimamishwa miezi mitatu kwa ajili ya tuhuma zilizozikabili wizara zao. Siku ile ile Rais akatangaza kwamba Waziri Mkuu hana mamlaka hayo, na mawaziri wakabaki mahali pao.

Msimamizi asiyeweza kumwondoa amsimamiaye, mkono wake ni mfupi hata akiwa na haki.

Katiba ya 2010 haikuweka Waziri Mkuu. Iliweka Rais, Naibu wake, Mwanasheria Mkuu na mawaziri wasiopungua 14 wala kuzidi 22, nao hawawi wabunge. Cheo cha Mkuu wa Mawaziri kilichotolewa 2022 hakimo katika katiba hiyo, basi asidhani mtu kwamba ndicho kile cha 1963.

AHADI YA WAZIRI MKUU HUMFUNGA NANI?

Sasa twaja kwenye jambo linalotuhusu sisi khasa. Tarehe 5 Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliandikiana barua juu ya Mwambao, ule ukanda wa maili kumi. Siku tatu baadaye mkataba ulitiwa sahihi London, na Mwambao ukawa sehemu ya Kenya. Katika barua hizo Waislamu waliahidiwa uhuru wa ibada. Kwamba hukumu za kadhi zitahifadhiwa daima. Kwamba hati za milki za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa. Na kwamba, kadiri itakavyowezekana, maofisa wa utawala katika sehemu za Waislamu watakuwa Waislamu, na watoto watafundishwa Kiarabu.

Waliotoa na kupokea ahadi hizi waliishia wapi? Serikali ya Shamte iliangushwa tarehe 12 Januari 1964, siku 99 baada ya barua. Kenyatta naye aliacha cheo cha Waziri Mkuu kabla ya kutimia miezi 15 tangu aandike. Vyeo vyote viwili vikapita.

Mahakama ya kadhi haikupita, kwa sababu iliandikwa katika katiba ya Uhuru. Sheria ya 1967 ikaipeleka hata nje ya Mwambao, na kwa hiyo Muislamu wa Thika au Ruiru naye ana kadhi wa kumwendea kwa ndoa, talaka na mirathi. Mei 2010 Mahakama Kuu ilitia shaka juu ya kuwamo kwake katika katiba, lakini kabla ya kutimia miezi mitatu wananchi waliipitisha katiba mpya, na kadhi yumo katika kifungu cha 170. Ama habari ya maofisa na Kiarabu, hayo hayakuandikwa katika katiba, nayo yalikuwa yamefungwa kwa neno "kadiri itakavyowezekana". Asiyetaka kutimiza, neno hilo lamtosha.

Twasema ahadi ni deni, na ni kweli mbele ya Mwenyezi Mungu. Walakini katika serikali, deni lililo katika barua humdai aliyeiandika, na lililo katika sheria huwadai wote wajao baada yake.

Basi jibu kwa ndugu zetu ni kwamba msikitamani cheo wala msikidharau. Likija pendekezo jingine la Waziri Mkuu, lisomeni kwa maswali yale matatu. Na akija mgombea kuwaahidi jambo la Pwani, akiwa Mombasa au akiwa Ruiru, muulizeni litaandikwa katika sheria gani, na mbunge wenu muulizeni kama ataipigia kura.

MASWALI YA DARSA IJAYO

1. Kwa nini Kaggia alitoka serikalini asitoke Bungeni?
2. Waziri Mkuu wa 2008 alikosa nguvu gani aliyokuwa nayo yule wa 1963?
3. Katika mambo yaliyoahidiwa Oktoba 1963, yapi yangefaa kudaiwa leo kwa njia ya Bunge?

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.