SOMO LA KIKUNDI: SAMAKI HUNGOJEWA MAJI YAKITOKA



Wakati mmoja wa mvua nilitembelea kikundi kando ya mto Malakisi. Nikakuta vijana wameleta gunia zima la kambare, yaani mumi, wengi wao majike wenye matumbo makubwa. Mama mmoja alipasua samaki mmoja, mayai yakajaa sahani. Watu walifurahi sana. Mimi nikauliza tu, "Mayai haya yangekuwa samaki wangapi?" Wakanyamaza. Kisha mzee mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe tumekula mbegu."

Leo tujifunze kutokana na neno la huyo mzee.

1. Maji huingia na kutoka

Mito iliyo karibu na bahari hujaa na kupwa kila siku. Huko Marekani, katika mto Potomac unaopita mji wa Washington, wako samaki wanaoitwa besi. Hata Kenya tunao. Waliletwa katika Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Besi huwinda sana kwa macho. Maji yakijaa, samaki wadogo huingia kwenye majani ya ukingoni. Maji yakipwa, wanalazimika kutoka. Basi besi hukaa pale kijito kinapoingia mtoni, akiwangoja kama paka mlangoni. Mvuvi mwerevu hahangaiki kutwa nzima. Anatupa ndoana yake mahali hapo, saa ile maji yanatoka.

Sisi wa Sirisia hatuna bahari, lakini tuna mvua. Mto ukifurika, maji huingia kwenye majani na vinamasi. Kambare naye huingia usiku kutaga mayai kwenye majani hayo, na mayai huanguliwa kwa siku moja au mbili hivi. Mvua ikipungua, maji hurudi mtoni na kambare hurudi nayo. Basi ukimshika akiingia, umekula mbegu. Ukimngoja akitoka, umekula mavuno.

2. Kisa cha ningu

Msidhani haya ni maneno tu. Zamani samaki anayeitwa ningu alikuwa akipanda kwa wingi kutoka Ziwa Victoria kuingia mito kama Nzoia wakati wa mvua, akienda kutaga. Watu wakatega nyavu nyingi kwenye midomo ya mito na kuwashika wakiwa na mayai. Kufikia miaka ya 1950 ningu walikuwa wamepungua sana, na mpaka leo hawajarudi kama zamani.

3. Ndoana na chambo bandia

Uzuri wa ndoana ni huu: unashika mmoja mmoja. Aliye mdogo, au mwenye mayai, unaweza kumrudisha majini akiwa hai.

Chambo bandia unaweza kutengeneza nyumbani:
- Chukua kijiko kikuukuu, ukate mpini. Piga tasa makali yabaki laini.
- Toboa tundu kila upande. Upande mwembamba funga uzi wa nailoni. Upande mpana funga ndoana kwa kipete cha waya.
- Zungushia uzi kwenye mkebe mtupu. Ukitupa, elekeza mdomo wa mkebe majini ili uzi utoke bila kukwama.
- Vuta polepole, pumzika kidogo, vuta tena. Kijiko kitayumba na kumetameta kama samaki aliyeumia.

Lakini jueni: chambo hiki ni cha samaki wa macho, kama besi, au mbuta wa Ziwa Victoria, na kinataka maji maangavu. Kambare hutafuta chakula zaidi kwa harufu na kwa zile ndevu zake. Kwa hiyo mto ukiwa na tope, weka kijiko mfukoni, tumia nyungunyungu.

4. Sumu hapana

Wako wanaomwaga dawa ya kuogeshea ng'ombe mtoni ili samaki waelee. Jamani! Sumu haichagui. Inaua mzazi, mtoto na hata wadudu ambao samaki wanakula. Na maji hayo hayo ndiyo mama wa kijiji cha chini anateka jioni apikie watoto uji. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inakataza kabisa kuvua kwa sumu. Lakini hata bila sheria, ni nani angependa kumlisha jirani yake sumu?

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mto wetu, kambare huingia kwenye majani wapi? Hutoka wapi? Waulizeni wazee, mchore ramani chini.
2. Je, kikundi kinaweza kukubaliana na majirani kwamba siku za mafuriko hakuna kuvua mahali hapo?
3. Ni nani atazungumza na vijana wetu, na atawaambia nini bila kugombana nao?

Mkimaliza, andikeni mlichokubaliana kwenye kitabu cha kikundi. Mkulima hali mbegu yake hata akiwa na njaa. Na mto nao ni shamba letu.