Kabla Hujalipa Kodi ya Fremu

Mdogo wangu, umesema hela ya kikoba imetoka na fremu ya kuuzia juisi umeshaiona. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Usimpe kwanza. Nipe wiki mbili.

Tengeneza lita kumi tu za embe na pasheni. Azima deli, tia barafu, ukauzie palepale ilipo fremu, saa zilezile ambazo ungefungua. Bei iwe ile uliyopanga, usiishushe ili mzigo uishe. Na usikopeshe.

Ndugu na mashoga zako wasikuungishe siku hizo. Nalisema kwa uchungu: fremu yangu ya kwanza, Sinza, ilijaa watu wiki nzima ya ufunguzi. Wote walikuwa wa kanisani kwetu na wa kazini. Walinunua kwa kunipenda. Wiki ya tatu nilikuwa nakaa peke yangu, na mwezi wa tatu nikafunga, kodi ya mitatu iliyobaki sikurudishiwa. Kwa hiyo mtu akikwambia "jamani tamu!", shukuru, halafu tazama kama kesho atarudi bila kuitwa. Anayerudi ndiye wa kumhesabu.

Kila jioni fungua daftari. Andika matunda, sukari, barafu, vikombe, nauli ya bodaboda, na juisi uliyomwaga. Hiyo ya kumwaga wengi hatuiandiki, nayo ndiyo inayotumaliza. Tuseme umeuza vikombe 40 kwa shilingi 1,000, gharama zikala 26,000. Zimebaki 14,000. Kodi ya 150,000 kwa mwezi ni 5,000 kila siku, hata siku ya mvua. Unabaki na 9,000, na hapo hujamlipa msaidizi, hujarejesha ya kikoba, wewe mwenyewe hujala.

Wiki moja iwe ya mishahara, nyingine ya katikati ya mwezi watu wakiwa wamekauka. Tena kumbuka, Dar ya Januari, jua kali na maembe tele, siyo Dar ya Aprili masika yakinyesha. Ukijaribu kwenye joto, usiyapigie mauzo hayo hesabu ya mwaka mzima.

Mwambie mwenye fremu utampa jibu baada ya siku 14. Akimpangisha mwingine, mwache. Daftari niletee, tulisome pamoja.